Supra au Nissan Z: ipi ununue wakati mauzo yamedorora?

Magari haya mawili ya michezo yanauzwa kwa kusuasua Marekani, na Toyota ilitangaza Machi 2026 kuwa mwisho wa uzalishaji wa GR Supra. Z bado ipo, ila Nissan yenyewe inapunguza viwanda kutoka 17 hadi 10.

Kwa bei, Z inashinda waziwazi. Ya mwaka 2025 ilianzia kama dola 43,000, Supra yenye injini ya lita 3.0 ikavuka 56,000. Pengo hilo linanunua matairi na bima ya miaka kadhaa.

Kwenye uimara na spea ndipo penye mjadala. Fungua boneti ya Supra uone nembo za BMW kwenye vifaa kibao: injini ni ya BMW iitwayo B58, ya silinda sita mstari mmoja, na BMW imeifunga kwenye magari yake mengi. Kwa hiyo hata bila Supra mpya kutengenezwa, spea za injini zitaendelea kupatikana. Taa na bodi ndizo zinazonitia wasiwasi. Injini ya Z, V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V) yenye turbo mbili, ilitumika pia kwenye Q50 na Q60 za Infiniti, chapa ya kifahari ya Nissan, ambazo zimeshaondoka sokoni, kwa hiyo spea zake hazina uhakika kama huo.

Kama una fundi mzuri wa BMW na unataka gari la kutunza miaka mingi, Supra inakufaa. Kama bajeti imebana na unataka gia za mkono kwa matumizi ya kila siku, chukua Z, ukishahakikisha muuzaji wa Nissan yuko karibu nawe.