Kishona na Kigeorgia kwa bando la Kigoma: kipi kinastahili hela yako

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kwenye mtandao ninaofundishia Kiswahili kwa wageni (jina lake naliweka kapuni, kwa kuwa nina lawama nao) nusu saa ya kujifunza Kishona cha Zimbabwe inanitoka kama sh. 10,000, ya Kigeorgia, lugha ya nchi ya Georgia huko Kaukazi, kama sh. 18,000. Wanapokea kadi tu, kulipa kwa simu hakuna. Mimi nakatwa kwenye mapato yangu ya kufundisha kwa hiyo halinigusi, lakini mtu wa Ujiji anayetaka kuanza wiki hii ajiandae kupita benki kwanza.

Kishona nilikichukua kwa uvivu. Ni Kibantu, nikasema hiki nitakimeza. Kigeorgia nilikichukua kwa ubishi: mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Kutaisi, mji wa Georgia, hakuchoka kulalamika kwamba vitenzi vyetu ni virefu mno. Mtu ambaye kwao "unatumenya" husemwa gvprtskvni, konsonanti nane kabla hujaonja irabu, analalamikia "ninakupenda"! Nikaona nikaonje huko anakotoka.

Mwalimu wa Kishona ni mama wa Mutare, mashariki ya Zimbabwe. Kwao ni Kimanyika, lahaja mojawapo ya Kishona, ila anafundisha Kishona sanifu, kile ambacho maandishi yake yalianza kuunganishwa kutokana na ripoti ya mwanaisimu Clement Doke ya mwaka 1931. Ukiwa Mbantu somo la kwanza unaona kama unaibiwa hela. Munhu, vanhu. Mwana, vana. Chinhu, zvinhu, na hapo ki-/vi- yako unaiona imekaa na nguo nyingine. Moto ni moto, nyoka ni nyoka, gumi ni gumi. Ndinokuda inaingia kwenye ninakupenda nafasi kwa nafasi: mtenda, wakati, mtendwa, kitenzi. Nilitaka kumwambia turuke masomo matano mbele.

Kisha akazima maandishi akaanza kuongea, nami nikapotea.

Kishona kina toni, na toni haziandikwi. Kiswahili hakina, kwa hiyo mtu wa Dar atasoma ukurasa mzima akielewa nusu yake, halafu asisikie kitu akiambiwa yaleyale kwa mdomo. Sisi Waha tuna nafuu, maana Kiha nacho kina toni na sikio limeshazoea kupanda na kushuka. Hata hivyo kuna sv na zv. Kusvika, yaani kufika, ile sv haitamkwi "sv" kama unavyoiona. Ni s yenye mluzi ndani yake, midomo imekusanywa kama ya mtu anayemwita mbwa wake. Mama wa Mutare ana subira nayo sana. Anairudia, anasogeza mdomo kwenye kamera, anacheka, anairudia tena. Programu ya mazoezi waliyoiambatanisha na kozi haikugusi hapo hata kidogo. Ukinunua kozi ya kusoma peke yako bila mwalimu, Kishona utakachotoka nacho ni cha macho tu.

Kigeorgia ni kinyume, na hili sikulitarajia. Ukikiona unakimbia: herufi 33 zilizojikunja, hazifanani na za yeyote, na lugha yenyewe haina ujamaa na Kirusi wala Kituruki, ndugu zake ni Kisvani, Kimingreli na Kilazi huko huko Kaukazi. Lakini herufi moja ni sauti moja, sauti moja ni herufi moja, na herufi kubwa hakuna. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nasoma vibao vya maduka ya Tbilisi, mji mkuu wao, kwenye picha, bila kuelewa vinauza nini. Sehemu hii usimlipe mwalimu. Jifunze mwenyewe kwa kalamu na daftari, sh. 18,000 zako zihifadhi kwa yanayokuja.

Yanayokuja ni k tatu. Moja inatoka na pumzi, nyingine inakatwa kooni, ya tatu imezama chini zaidi, na kila moja inabadilisha maana. Mwalimu wangu, binti wa Tbilisi asiyesamehe, aliniambia nishike karatasi mbele ya mdomo: kwa hii ipepee, kwa hii isitikisike. Karatasi yangu ilipepea kwa zote. Halafu kuna vitenzi. Mikvarkhar ni "nakupenda", neno moja kama letu, ila mpangilio wake umepinduliwa: mwenye kupenda ndiye anayewekwa mahali pa mtendwa, na anayependwa anakaa kwenye kiti cha mtenda. Na katsi, mwanamume, akishafanya kitu kikaisha anageuka katsma. Maelezo ya hayo nilihitaji nipewe na mtu, taratibu, na binti anajua kuyapanga. Kwa haya bei yake naikubali. (Habari ya kwamba mama kwao ni baba na deda ndiye mama, kila mtu ameshaisimulia, tuiache.)

Sasa lawama. Kozi zote mbili zimejengwa juu ya kiunzi kimoja, na kiunzi hicho kilichongwa kwa Kifaransa au ndugu zake. Kuna somo zima la kutofautisha yeye wa kiume na yeye wa kike. Kishona kina iye, Kigeorgia kina is, wote sawa na yeye wetu. Somo limejaa picha za wanaume na wanawake na jibu lilelile kila ukurasa. Kigeorgia wamekiwekea hata zoezi la herufi kubwa! Vigae vya kupanga sentensi ndiyo kichekesho zaidi: unapewa "ninakupenda" kama kigae kimoja, jibu kigae kimoja, unabonyeza, unapewa nyota. Ugumu wote wa lugha hizi umo ndani ya hicho kigae wasichokifungua.

Na ile huduma yao ya kuondoa kelele, izime. Inadhani mluzi wa sv na mkato wa k ni kelele, inavifuta vyote. Tatizo ni kwamba nikiizima, mashine ya kusaga ya jirani yangu hapa Mwanga inaingia darasani, kwa hiyo nimehamishia masomo usiku baada ya yeye kufunga. Niliwaandikia wenye mtandao kuhusu sauti, wakanijibu nibadilishe vifaa vya masikioni.

Somo nililolifurahia kuliko yote halikuwemo kwenye kozi. Tulikuwa kwenye chakula. Sadza ni ugali, hapo hakuna mjadala. Mama wa Mutare akaandika matemba, akaleta kiganja cha visamaki vikavu mbele ya kamera. Nikamwambia hao ni wa kwetu. Kapenta wa Ziwa Kariba, ndio hao matemba wao, walichukuliwa Ziwa Tanganyika miaka ya 1960, wakapandikizwa kwenye bwawa lile, wakazaliana. Hakuamini mpaka nilipompelekea picha ya dagaa walioanikwa Kibirizi. Tangu hapo ananitania kwa kuniita sekuru, mjomba, kwa vile samaki wao wametoka ujombani.

Mkiamua kujiandikisha, weka miadi kwa tarehe, usitaje siku. Mutare wako saa moja nyuma yetu na Tbilisi saa moja mbele, hilo kalenda ya mtandao inalirekebisha yenyewe. Siku ndizo zinazochanganya, kwa sababu wote watatu tunazihesabu na kila mmoja anaanzia kwake: sisi kwa Jumamosi, Wageorgia kwa sabato yao, Jumamosi hiyohiyo, lakini wao moja yao ni siku inayofuata, Washona kwa Jumatatu. Tatu yetu ni Jumatatu. Tatu ya Kigeorgia, samshabati, ni Jumanne. Tatu ya Kishona, Chitatu, ni Jumatano. Na usipotokea darasani hela hairudi.