Trei za miche na kokopiti: nini cha kununua mwisho wa kipupwe

Nyanda za juu kusini, kuanzia Njombe hadi Mbeya, mwenye kutaka miche ya bustani iwe tayari baridi inapoachia husia mbegu mwezi wa Agosti. Maduka mengi ya pembejeo sasa yana vifaa vya kuoteshea: trei ya plastiki yenye matundu, tofali la kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi), na pengine sinia ya chini na kifuniko cha plastiki angavu. Kwa ufupi, trei nunua, kokopiti nunua ukijua kasoro zake, kifuniko kiache dukani.

Trei nyingi zina ukubwa ule ule, kama sentimita 54 kwa 28. Tofauti iko kwenye idadi ya matundu na unene wa plastiki. Trei ya matundu 200 ndiyo inayokimbiliwa kwa kuwa inatoa miche mingi, lakini tundu lake hubeba mililita kumi na kitu tu. Saladi na kabichi zitavumilia ukizihamisha mapema. Nyanya hazivumilii: mizizi hujizungusha ndani ya tundu, mche unadumaa, na ukifika bustanini unachukua muda mrefu kuanza kukua. Kwa matumizi ya nyumbani chukua ya 128. Ina mistari 16 ya matundu manane, kwa hiyo mistari minne inakupa miche 32 ya nyanya, inayotosha kaya. Pilipili hoho hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, nazo zinataka trei ya 72 au 50. Usizichanganye na kabichi kwenye trei moja. Kabichi itakuwa inadai maji mengi wakati hoho ndiyo kwanza inachungulia. Karoti usizioteshe kwenye trei kabisa, mzizi wake hupinda.

Kabla ya kulipa, shika trei kwa ukingo mmoja na uitikise. Ikilegea kama karatasi, itapasuka pembeni siku utakayoibeba imejaa udongo uliolowa. Igeuze pia uangalie chini: kuna trei ambazo baadhi ya matundu hayakutobolewa sawasawa, na mche wa tundu hilo utaoza. Msumari uliopashwa moto unamaliza tatizo hilo.

Vumbi la kokopiti huwa limekaushwa na kushindiliwa. Tofali la gramu 650 hunywa takriban lita 4 za maji na kuvimba hadi lita 8 au 9. Trei ya 128 humeza lita 3 hadi 4, kwa hiyo tofali moja linajaza trei mbili. Lile la kilo 5 ni la mwenye biashara ya miche.

Sifa yake ni wepesi, kushika maji bila kutuama, na kutokuwa na mbegu za magugu. Kasoro ni mbili. Ya kwanza ni chumvi: tofali la bei ya chini mara nyingi halikuoshwa vizuri, na dalili yake ni kingo za majani kuungua wakati udongo bado una unyevu. Liloweke kwa maji mengi, lichuje kwenye gunia, rudia mara mbili au tatu. Ya pili, kokopiti haina chakula. Mche ukitoa majani yake halisi ya kwanza, yanayofuata yale mawili ya kuota, mwagilia mbolea ya NPK 19:19:19 kwa kipimo cha gramu 5 katika lita 10 za maji, mara moja kwa wiki. Ukisahau, miche inakuwa ya njano na watu hulaumu mbegu.

Kabla ya kujaza matundu, kamua kokopiti kiganjani kwanza: yatoke matone machache tu. Usishindilie. Nyanya na kabichi zifukie nusu sentimita hadi moja; saladi inyunyizie vumbi jembamba juu, maana huota vizuri ikipata mwanga.

Kifuniko kinapendeza kwenye rafu, lakini kinafungia unyevu, na hapo ndipo kinyausi huingia: shina linasinyaa usawa wa udongo na mche unalala. Kipande cha nailoni kinafanya kazi ile ile, mradi kiondolewe pale mbegu za kwanza zinapochomoza. Kinachohitajika zaidi ni joto. Udongo ukiwa nyuzi 15, nyanya huchukua kama wiki mbili kuota na hoho zaidi ya tatu. Ukifika nyuzi 25, nyanya siku 6, hoho 8. Usiku wa Njombe unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo trei zilale jikoni. Zikishaota zitoe kwenye mwanga mchana kutwa, la sivyo zitarefuka na kulegea.

Asiyetaka kokopiti achekeche udongo wa msitu sehemu 3, samadi iliyooza kabisa 2 na mchanga 1. Mchanganyiko huu una chakula, ila ni mzito na huja na magugu na wadudu.

Msimu ukiisha, osha trei kwa sabuni, zizamishe dakika 20 katika jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, suuza, anika kivulini. Zikiachwa juani hukauka na kukatikakatika.