Gari la michezo la safari ndefu: lipi linatulia, lipi linapepesuka

Ukiishi Maskati, Omani, na kazi iko Sohar, barabara ya Batina unaijua vizuri: lami iliyonyooka, mwendo unaoruhusiwa wa kilomita 120 kwa saa, malori upande wa kulia, na upepo wa pembeni unaokuja bila hodi. Kwa mtu wa njia hiyo, kupanga magari ya michezo kwa nguvu za injini hakumsaidii. Mimi nimeyapanga kwa swali moja: baada ya saa mbili, mikono imetulia au imechoka kurudisha usukani?

Kwanza tazama umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukiwa mfupi, gari hugeuka upesi kwenye kona, na kwa sababu ileile kila mfereji uliochimbwa na malori kwenye lami hulisukuma kidogo. Tairi pana nazo hupenda kuifuata mifereji hiyo. Halafu kuna hewa. Audi TT ya kwanza, iliyotoka 1998, ilisifiwa sana kwa umbo lake la mviringo, lakini ikipita kilomita 180 kwa saa hewa iliinyanyua nyuma. Dereva akibadilisha njia ghafla, mkia ulimponyoka. Watu walikufa Ujerumani, na Audi ikayaita magari yarudi kufungiwa bawa la nyuma na mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuserereka, na springi nazo zikarekebishwa. Tangu hapo, kibawa kidogo cha nyuma sikihesabu kuwa pambo.

1. Ford Mustang GT (toleo la 2024 na kuendelea). Ekseli kwa ekseli ni karibu mita 2.72, refu kuliko yote hapa, na unauhisi urefu huo. Lori likikupita halikutikisi sana. Ubaya wake ni uzito, na ukichagua tairi pana zaidi litaanza kunusanusa mifereji ya lami. Kama huendi kukimbiza gari kwenye uwanja wa mashindano, bakia na tairi za kawaida.

2. Subaru BRZ, kabla ya pacha wake Toyota GR86. Haya mawili yanatoka kiwanda kimoja cha Subaru kule Ota, Japani, yana injini ileile ya lita 2.4 iliyolala chini, na umbali uleule wa ekseli, mita 2.575. Wengi huamua kwa sura ya pua. Tofauti ya maana iko chini: Subaru walikaza springi za mbele na kulegeza za nyuma, Toyota wakaacha mkia mwepesi kucheza. Ukiwa kwenye kona ndefu ya kuingia barabara kuu, ukakutana na tuta dogo na kuinua mguu kwenye pedali ya mafuta, GR86 huuzungusha mkia kidogo. Vijana wanalipenda kwa hilo, na wana haki. Ila kwa mtu anayerudi nyumbani usiku amechoka, BRZ linasamehe zaidi.

3. Nissan Z. Nguvu za farasi 400, uzito zaidi ya tani moja na nusu, na mwendo mnyofu wa gari la masafa. Linakwenda vizuri, halina mengi ya kuogopesha. Toleo la Nismo ni gumu zaidi. Liache kama barabara yako ina viungo vingi vya madaraja.

4. Toyota GR Supra. Mita 2.47 tu kati ya ekseli, na upana mkubwa. Pua lake ni jepesi kuitikia. Ukipiga chafya umeshasogea. Kisha fungua dirisha moja ukiwa kasi: hewa inapiga masikio kama ngoma. Jambo hilo linajulikana kiasi kwamba vinauzwa vibati vidogo vya kubandika nyuma ya vioo vya pembeni.

5. Mazda MX-5. Mita 2.31, uzito wa takriban tani moja. Hakuna la bei yake linalofurahisha hivi kwenye njia za milimani, lakini kwenye barabara kuu halikuachi uzubae. Wenye nalo wengi humwomba fundi wa alaimenti, yaani wa kunyoosha mkao wa tairi, afanye mambo mawili, bila kutoka nje ya vipimo vya Mazda: aongeze kidogo mlalo wa mhimili wa usukani, ili usukani upende kurudi katikati wenyewe, na azifanye tairi za mbele zitazamane kidogo kwa ndani. Zikitazama nje, gari linawinda kushoto na kulia njia nzima.

Usilihukumu gari kabla ya kupima upepo wa tairi. Nililolinunua mimi jipya lilipepesuka wiki tatu, nikaanza kujuta, nikazungumzia hata kuliuza. Kumbe tairi zilikuwa zimejazwa upepo mwingi wa safari ya melini, na muuzaji hakuupunguza. Nilisoma karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nikapunguza tairi zikiwa baridi asubuhi, na jioni ile nikaendesha gari jingine kabisa. Niliumia kwa zile wiki tatu.

Kwa hiyo siku ya kujaribu, nenda na kipimo chako cha upepo. Omba barabara kuu, si kuzunguka mtaa. Fika mwendo unaoruhusiwa, shika usukani kwa vidole vyepesi, lipite lori moja refu, na sikiliza gari linafanya nini pua lake linapotoka kwenye kivuli cha lori na kukutana na upepo. Kisha rudia hivyo kwa lori la pili.