Uzoefu wangu: kutembelea Naivasha Raptor Centre, hospitali ya ndege mbuai

Weka miadi kabla ya kwenda. Naivasha Raptor Centre ni hospitali ya ndege mbuai, yaani tai, tumbusi, vipanga, shakivale na bundi, na siku anapoletwa tai aliyekula sumu hakuna mtu wa kukutembeza. Inaendeshwa na Kenya Bird of Prey Trust, wenye kituo kingine ndani ya Soysambu Conservancy, upande wa Nakuru. Naivasha ni kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na kituo kiko kusini mwa ziwa, Barabara ya Moi South Lake. Ukitumia matatu, shuka Naivasha mjini, kisha upande zile za kuelekea Kongoni. Unapopiga simu ya miadi uliza hasa pa kushukia, maana barabara ile ni ndefu. Tenga saa mbili, na uende asubuhi kabla jua halijawa kali.

Utakaowaona zaidi ni wakazi wa kudumu, ndege ambao hawawezi tena kuishi porini. Ukiambiwa chumba cha wagonjwa hakiingiliki, usinune. Ndege wa porini aliyefungiwa akimwona mtu hujigonga ukutani, hukataa chakula, na jeraha lililoanza kushikana hufunguka. Badala yake kagua mabanda, ndiyo yanayokuonyesha kama mahali panaendeshwa na watu wanaojua. Wavu wa kuku haufai kwa ndege mbuai: mkia na ncha za mabawa hunasa kwenye matundu na manyoya hukatika. Vinavyofaa ni vijiti vilivyosimamishwa wima, vilivyokaribiana. Mahali pa kutua pawe na unene wa aina mbalimbali, pafungwe kamba au zulia la nyasi bandia. Akisimama siku nzima kwenye ubao laini, uzito wote huelemea sehemu moja ya unyayo, ngozi hulainika, bakteria huingia, na unyayo huvimba usaha. Kidonda hicho kikifika kwenye mfupa, mara nyingi ndege haponi tena.

Ukiwa huko, uliza habari za stima. Kusini mwa ziwa kuna mitambo ya umeme ya Olkaria, mashamba ya maua na nyaya kila upande, na shakivale hupenda kutua juu ya nguzo ili aangalie panya chini. Ndege akigusa waya mmoja tu hadhuriki. Anaungua pale bawa linapogusa waya wenye umeme huku mguu au bawa la pili limegusa waya mwingine au chuma kilichounganishwa na ardhi. Ndiyo sababu nguzo ya chuma au zege ni hatari kuliko ya mti, na manyoya yaliyolowa mvua huongeza hatari. Furukombe jike, ambaye mabawa yake yakitandazwa hufikia mita 2.4, hana pa kuponea kwenye nguzo yenye nyaya zilizobanana. Umeme huingia mara nyingi kwenye kifundo cha bawa na kutokea mguuni. Siku ya kwanza utaona doa dogo tu na manyoya machache yaliyoungua, lakini mishipa ya damu ndani imekwisha kufa. Baada ya siku kadhaa, hata juma zima, ncha ya bawa hukauka na kuwa nyeusi. Kwa hiyo msemo wa "alikuwa mzima, nikamwachilia jioni" unaniuma sana, kwa sababu ndege huyo alikwenda kufa kichakani. Dawa ya tatizo lenyewe iko juu ya nguzo: kuvika nyaya za kuunganishia na vichwa vya transfoma mipira ya kuzuia umeme, na kuning'iniza nyaya chini ya mkono wa nguzo badala ya kuzipitisha juu yake.

Sumu ni habari nyingine, na huua kwa wingi. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe hunyunyizia mzoga dawa ya wadudu akimlenga simba au fisi, kisha tumbusi hushuka kwa makumi kwenye mzoga huo mmoja. Furadan, mojawapo ya dawa hizo iliyotumika vibaya hivyo kwa miaka, iliondolewa sokoni Kenya na kampuni ya FMC mwaka 2009, ila dawa za jamii hiyo bado zipo. Mwaka 2015 tumbusi wanne wa Afrika, wakiwemo tumbusi wa Rüppell wanaozaa kwenye magenge ya Hell's Gate pale jirani, waliwekwa daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ndege mwenye sumu hukunja vidole kama ngumi, huyumba, hutokwa na ute mdomoni, na gole lake, yaani kifuko cha chakula shingoni, huwa limejaa. Usimshike kwa mikono mitupu. Nyama iliyo ndani ya gole ni sumu kwako pia, na watabibu wa ndege huosha gole lile wakiwa na glavu kabla sumu haijashuka tumboni. Akiwahi, dawa ya atropini na kutiwa maji mwilini huweza kumrudisha. Anayekula panya waliolishwa sumu hudhurika tofauti: damu haigandi, naye hutibiwa kwa vitamini K1 kwa majuma.

Kilichonivutia kuliko vyote ni ufundi wa kupandikiza manyoya. Ndege aliyekatika manyoya ya bawa angelazimika kungoja hadi yadondoke na kuota mapya, mwaka mzima au zaidi kwa tai wakubwa. Badala yake huchukuliwa unyoya uliodondoka wa ndege wa aina ile ile, wa bawa lile lile na nafasi ile ile. Shina la zamani hukatwa, kijiti cha mwanzi hutiwa ndani yake na ndani ya unyoya mpya, kisha gundi. Pembe ikikosewa kidogo tu, ndege huruka akivutwa upande mmoja. Kwa bundi kazi hii ni ngumu zaidi, kwani ukingo wa manyoya yake una meno laini yanayozima mlio wa hewa. Ukiuharibu, panya atamsikia akija.

Sasa sehemu ambayo ningependa kila mgeni atoke nayo. Ndege wengi huharibiwa na wenye huruma katika saa za mwanzo. Ukimkuta ndege mbuai ameumia, mtupie taulo afunikwe kichwa, kisha ushike miguu kwanza: silaha yake ni kucha, si mdomo. Kwa tumbusi ni kinyume, miguu haina nguvu, jihadhari na mdomo wake na shingo ndefu. Mtie kwenye boksi la karatasi ngumu ambamo anaweza kusimama na kugeuka bila kutandaza mabawa, toboa matundu chini chini, tandika taulo asiteleze. Usimfunge miguu kwa kamba. Usimweke kwenye tundu la kuku. Usimmiminie maji mdomoni, kwa kuwa tundu la hewa liko nyuma ya ulimi na maji huenda moja kwa moja mapafuni. Chakula pia angoje: aliyekonda akipewa kuku mzima hufa na kuku huyo tumboni. Hutangulizwa maji, kisha vipande vidogo visivyo na mfupa. Andika mahali hasa ulipomkuta na kama palikuwa na nguzo karibu, kwani hapo ndipo hurudishwa akipona. Wapigie simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au kituo siku hiyo hiyo. Kumfuga ndege huyu bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, na hata pasipo sheria, kinda aliyelelewa na watu peke yao hujiona mtu, hatapata mwenza porini.

Makinda hasa huumia kwa mkate, maziwa na nyama ya kusaga. Nyama tupu ina kalsiamu kidogo mno, miguu hupinda ndani ya majuma machache. Ndege mbuai hula windo zima, mifupa na manyoya, kisha hutema donge la visivyosagika, na asiyetema donge ana tatizo. Kozi mdogo anaweza kula karibu robo ya uzito wake kwa siku, tai mkubwa asilimia 4 hadi 6. Ndiyo maana kila mmoja hupimwa kwenye mizani.

Nimewahi kufika kwingine, mahali nisipopataja, ambako bundi hupitishwa mkono kwa mkono mchana kutwa ili wageni wapige picha. Macho nusu yamefumba, mdomo wazi, mwili umejibana mwembamba kama fimbo. Watu walidhani ametulia, kumbe hiyo ni hofu. Ukiona hivyo, usilipe. Na kama watoto wako wamekua wakiambiwa bundi ni mkosi, wapeleke Naivasha wamwone kwa karibu, kuanzia miaka sita hivi, umri ambao mtoto anaweza kunyamaza robo saa. Zimeni flashi za simu.

Ukitaka kusaidia kituo kama hiki, uliza kwanza kinachohitajika. Taulo kuukuu, magazeti na glavu nene za welda hufaa mahali pengi, na pesa taslimu hufaa zaidi, kwani dawa na chakula havingoji. Panya uliowatega nyumbani usiwapeleke kabisa: huna hakika jirani yako hakuweka sumu.