WordPress au Wix kwa asasi ndogo na wasanii?

Mchoraji aliyegeukia kutengeneza tovuti huvutwa kwanza na Wix, huduma ya mtandaoni ya kujijengea tovuti, na hana kosa: unaburuta picha na kuiweka utakapo, kama unavyopanga kazi ukutani kabla ya maonyesho. Seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) na masasisho ni jukumu la kampuni. Msanii anayetaka kurasa chache na namba ya simu hahitaji zaidi, ila ajue kifurushi cha bure hubandika tangazo la Wix kwenye tovuti yake.

WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ni programu huria ya kujengea tovuti, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. (Nasema ile ya kujiwekea kwenye seva, si huduma ya WordPress.com.) Ndiyo ninayozichagulia asasi, na si kwa uzuri, maana upande wake wa usimamizi una vurugu kiasi. Sababu ni njia ya kutokea. Fedha za wafadhili zikikatika, au mkikosana na fundi, mnachukua mafaili na hifadhidata yenu mnahamia seva nyingine. Tovuti ya Wix haihamishiki hivyo. Mtaijenga upya kwingine. Lakini uhuru huo unadai matunzo: plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) zisiposasishwa, wadukuzi hupata mlango. Fundi asiyeliandika hilo kwenye makadirio ya bei anamficha mteja gharama.

Vyovyote mtakavyochagua, domeni, yaani anwani ya tovuti, iwe ya .or.tz au .or.ke, isajiliwe kwa jina la asasi, si la fundi, na nywila wawe nayo watu wawili wa ndani.