Diski ya RAID: Soma Namba ya Modeli Kabla ya Kuuliza Bei

Diski moja kati ya nne za studio yangu ilikufa Jumatatu. Sikuogopa, maana nilikuwa na RAID 5, mpangilio wa diski kadhaa unaoweza kurejesha data ya diski moja ikifa. Nikashuka Luthuli Avenue, nikanunua nyingine ya terabaiti 4, nikaichomeka. Siku ya tatu ukarabati, yaani kuijaza diski mpya data ya ile iliyokufa, ulikuwa asilimia 31, taa ya diski mpya ikiwaka bila kupepesa. Siku ya nne mfumo ukaitupa nje. Nilipoanza upya, diski moja ya zamani ikagoma kusoma, na RAID 5 huvumilia msiba mmoja tu. Picha za harusi tatu zimekwenda. Nimewapigia simu maharusi wale mmoja mmoja.

Kwa hiyo leo siongei habari za kasi wala kelele. Naongea SMR, namna ya kuandika data iliyokuwa kwenye diski niliyouziwa. Kwenye diski ya SMR mistari ya data imelaliana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati la chini, sharti uinue yaliyolilalia. Ukihifadhi filamu tu hutagundua. Lakini kukarabati RAID ni kuandika mfululizo kwa saa nyingi. Akiba ya ndani (cache) inajaa, diski inazubaa, mfumo unaihesabu maiti. Diski ya CMR, ambayo mistari yake haijalaliana, ya ukubwa huo kwa kawaida humaliza ndani ya siku moja. Muda wote wa ukarabati zile tatu kuukuu zinasomwa mwanzo hadi mwisho, terabaiti 12. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida wanaahidi kosa la kusoma lisilorekebishika lisilozidi moja kwa kila terabaiti 12.5 hivi. Piga hesabu.

Kwa diski za RAID, ya kwanza kwangu ni Seagate IronWolf, na sifichi kwamba naipendelea: ukoo wote ni CMR, hakuna kubahatisha. Ya pili ni WD (Western Digital) Red Plus. Hakikisha neno Plus lipo, kwa sababu mwaka 2020 ilibainika WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa zikiuzwa na SMR bila wanunuzi kuambiwa. Ukiona namba ya modeli WD40EFAX, moja ya hizo za SMR, iache kabatini. Ya tatu ni Toshiba N300, CMR pia.

Seagate Barracuda ST4000DM004 ni ya bei nafuu, na ni SMR. Basi.

Niliporudi dukani niliambiwa, "Diski ni diski, dada," kisha nikaonyeshwa risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wiki iliyofuata nilizunguka maduka matano nikiomba kusoma lebo kabla ya kulipa. Mawili tu ndiyo yalinifungulia kabati.