Uzoefu wangu na kava la cheni, baada ya injini kutobolewa

Ukikabidhiwa pikipiki mpya ya mkataba hapa Morogoro, jambo la kwanza wenzako wa kijiweni wanalokushauri ni kuvua kava la cheni. Linapiga kelele, wanasema, halafu fundi wa pancha analinung'unikia. Mimi nilivua wiki ya pili. Ilikuwa CC 150 ya Kichina, njia yangu Msamvu, Kihonda mpaka Mkundi. Kava nikalitupa nyuma ya nyumba, mama watoto akalichukua akazibia banda la vifaranga.

Cheni ikabaki uchi, na kila jioni nikawa naimwagia oili chafu iliyotoka kwenye injini. Cheni inanyamaza, roho inatulia. Kumbe oili ile inadaka vumbi, na vumbi la Mkundi lina mchanga, kwa hiyo nilikuwa naipaka cheni msasa kwa mikono yangu mwenyewe. Kufika mwezi wa nne vikaza cheni vya nyuma vilikuwa vimefika mwisho. Fundi mmoja wa njiani akakata pingili mbili, akafunga, cheni ikakaza tena. Nikamlipa buku mbili nikaona nimepona.

Ilikatika asubuhi ya mvua. Nimembeba mama mmoja na kiroba cha mchele, niko gia ya tatu, nikasikia kishindo chini ya mguu wa kushoto. Tairi la nyuma likabana, likaburuza kidogo, likaachia. Nilishukuru tulikuwa polepole. Nikakanyaga gia, pedeli imekufa ganzi. Kuinama, oili inachuruzika chini na matope yameshaanza kung'aa.

"Boda, ndiyo tumefika?"

"Mama, shuka taratibu, nikutafutie mwingine."

Gereji fundi alipofungua kifuniko cha sproketi ya mbele hakusema kitu kwa muda, akaniita niangalie. Sproketi ndogo ndiyo inayoivuta cheni kutoka juu. Cheni ikikatika, sproketi inaendelea kuzunguka na kumeza kipande kilichobaki. Nafasi kati ya meno yake na ukuta wa injini haizidi upana wa kidole, kwa hiyo cheni inajikunja pale na kusukumana mpaka kitu kimoja kipishe. Cheni ni chuma, bodi ya injini ni alumini. Kwangu palikuwa na tundu la kuingiza kidole gumba, ufa ulioelekea mpaka kwenye sili ya shafti ya gia, na waya wa taa ya nyutro umekatwa kama kwa mkasi.

Injini ikashushwa, ikapasuliwa, bodi ikachomelewa kwa gesi ya agoni. Ukijumlisha sili, gasketi, oili, cheni na sproketi zote mbili, 215,000. Siku sita sikuingia barabarani, na tajiri, mwenye pikipiki, anataka hesabu yake ya 10,000 kila jioni. Tajiri hajui habari za cheni.

Tukiwa tunasubiri bodi ipoe, fundi akaniuliza klipu ya kiungio, kile kinachounganisha ncha mbili za cheni, ilikuwa imekaaje. Sikujua kama ina mkao. Akanionyesha kwenye cheni mpya: upande uliofungwa wa klipu unatangulia kule cheni inakokwenda, mdomo ulio wazi unabaki nyuma, ili kitu chochote kikiigusa kisiivue. Ile ya zamani hatukuiona tena. Namshuku yule wa buku mbili, lakini sina ushahidi.

Nikanunua vitu viwili, na ndivyo hasa nilivyotaka kuvieleza.

Cha kwanza ni kava kamili la bati, vipande viwili, cha juu na cha chini, 22,000. Lilikuwepo la plastiki kwa 12,000, nililibonyeza dukani kwa kidole likabonyea, nikaliacha. La bati lenyewe halikuja sawa: tundu moja halikukutana na bolti, nikalitanua kwa tupa. Lina kitundu chenye kizibo cha mpira. Unachomoa kizibo, unaingiza kidole, unaipandisha na kuishusha cheni. Ikicheza kati ya sentimita mbili na tatu niko salama. Hapo hapo naweka oili ya gia namba 90, matone, huku nazungusha tairi. Oili chafu nimeachana nayo.

Kelele zipo, sidanganyi. Ila nimegundua kava halipigi kelele lenyewe. Cheni ikilegea ndiyo inalichapa bati. Nikikaza, kimya. Ile kero iliyonifanya nilivue ndiyo sasa inayoniambia kesho asubuhi nishike spana. Miezi minne yote nilikuwa nimejiziba masikio.

Faida nyingine ni kanga za abiria kutonaswa. Akina mama wanaokaa upande sasa nawabeba bila kugeuka kila dakika. Mwaka jana cheni ya jirani yangu wa kijiweni ilikula kanga ya abiria nusu nzima, bahati ilichanika.

Lakini tusichanganye mambo: kava hili haliilindi injini. Linailinda cheni na vumbi na matope, basi. Cheni ikikatika ndani yake, mbele kule itajikunja vile vile. Ndiyo maana kuna kitu cha pili, chuma bapa cha milimita 3 alichokikunja fundi kufuata duara la sproketi ya mbele, kikafungwa kwenye bolti za kifuniko chake. Elfu nane. Cheni ikija vibaya igonge chuma kwanza, ishuke chini, isiingie kwenye alumini. Tuliizungusha tairi kwa mkono mara nyingi kabla ya kufunga kifuniko kuhakikisha hakigusi popote. Nilimuuliza kama sasa niko salama kabisa. "Hiki kinakupunguzia hasara, dogo, hakiizuii," akasema, kwa sababu pigo likiwa kubwa hata masikio ya bolti yanaweza kung'oka. Mpaka leo hakijapata kazi, kwa hiyo siwezi kukipa nyota tano wala kukinyima.

Cheni niliyofunga ni saizi 428H. Kwa aina hii pingili 20 zikiwa mpya zina milimita 254, na zikirefuka mpaka 259 cheni ni ya kutupa. Nimeipima juzi, miezi mitano tangu ifungwe: 256. Ile ya mwanzo sikuwahi kuipima, nilikuwa naikaza tu.

Lawama zangu kwa kava ni mbili. Kipande cha chini hakina pa kutolea maji, matope yalijaa na kutu ikaanza kwenye mshono, nikatoboa matundu mawili mwenyewe. Na bolti ya nyuma ilikuwa inalegea kila wiki mpaka nilipoweka washa ya springi.

Fundi wa pancha bado ananuna. Tairi la nyuma sasa ananitoza 500 zaidi, eti kwa usumbufu wa kufungua bati.